Sindano, Mkunja Miavuli

Kwanza tuelewane. Sindano hakupiga risasi hata moja vitani, hakuokoa mateka, wala hakuna barabara iliyopewa jina lake. Anayetaka habari za mizinga na mahandaki atafute kwingine. Kazi yake yote ya jeshi aliifanya amesimama mbele ya meza ndefu iliyong'arishwa hadi ukiweka kiganja kinateleza. Alikuwa anakunja miavuli. Na si ya mvua, jamani! Ile ya kurukia kutoka kwenye ndege.

Jina hilo alipewa wiki ya kwanza ya ukuruta, kwa sababu alikuwa mrefu na mwembamba, na kwa sababu kila shati lililopasuka kambini liliishia mikononi mwake. Mama yake alikuwa fundi cherehani. Sindano alikulia chini ya meza ya kukatia nguo, akichezea vipande na kuokota pini sakafuni kwa sumaku, na kabla hajajua kusoma alishajua kukunja kitambaa kisipate hata alama. Mama alishapanga kila kitu: mwanangu atarithi cherehani, atarithi wateja, atarithi na kiti. Mwana akaja na habari ya jeshi.

"Nimekulea kwa uzi, unaniletea bunduki?" mama akafoka, na siku ya kuondoka hakutoka hata mlangoni. Lakini Sindano alipofungua begi lake kule kambini alikuta chini kabisa suruali mbili za ndani za kitambaa kizito, zimeshonwa mshono wa mara mbili. Mama alikuwa hivyo. Mdomo unakataa, mikono inakubali.

Enzi hizo mwanamke akimaliza ukuruta alipangiwa sehemu nne tu: jikoni, zahanati, ofisini kwenye mashine ya kupiga chapa, au bohari ya sare. Yeye akapelekwa bohari. Kushona vifungo, kubandika vyeo kwenye mabega ya watu, kupunguza suruali za wakubwa walionenepa wasitake ijulikane. Kazi si mbaya, lakini aliifanya huku akijiuliza kama ni hii iliyomkosanisha na mama yake.

Siku moja akatumwa kupeleka mikoba iliyoshonwa kwenye banda la miavuli. Akaingia, akasimama. Banda lilikuwa refu, safi kupindukia, madirisha yake juu kabisa karibu na paa, na mwisho wake kulikuwa na mnara ambamo miavuli iliyolowa ilining'inizwa ikauke, weupe mtupu kutoka juu hadi chini. Watu sita wako mezani na hakuna anayeongea. Unasikia kitambaa tu kikisuguana. Katikati anatembea mtu mzima mmoja, mikono nyuma, sajini meja wa banda, ambaye kambi nzima ilimwita Mzee Kamba.

Alimtazama yule binti amesimama na mikoba yake kifuani, hasogei.

"Umepotea?"

"Hapana, afande. Nimefika."

Wakacheka wote sita. Mzee Kamba hakucheka, lakini hakumfukuza pia. Ilimchukua Sindano muda mrefu wa kusumbua watu, kuomba, kukataliwa na kuomba tena, mpaka mkunjaji mmoja alipoharibika mgongo na hakuna mwanamume aliyetaka nafasi yake. Kuinama siku nzima nani anataka? Ndipo wakamwambia haya, njoo, tuone.

Mzee Kamba alimfundisha bila upendeleo na bila hila. Kusema ukweli, alikuwa mtu wa haki. Shida yake ilikuwa moja: sheria kwake ilikuwa sheria, hata kama haina akili. Na banda lilikuwa na sheria iliyoandikwa kwa rangi nyekundu juu ya mlango: MWAVULI UNAOUKUNJA UTARUKA NAO.

Maana yake ni hivi. Wakati wowote, bila taarifa, Mzee Kamba aliweza kwenda kwenye rafu yako, akachomoa mwavuli wowote ulioukunja, akauweka miguuni pako na kusema, "Vaa." Huulizi ni upi. Huombi kuufungua. Unavaa, unapanda ndege, unaruka. Ndiyo maana askari mwenye mke na watoto watano aliweza kujitupa kutoka mlangoni bila kumjua aliyemkunjia. Alijua huyo mtu naye angeweza kupewa huo huo. Ni utaratibu wa maana sana, na Sindano aliuheshimu tangu siku ya kwanza.

Sasa ona kitanzi kilipo. Mwanamke haruhusiwi chuo cha kuruka. Asiyepita chuo haruki. Mkunjaji asiyeruka, mwavuli wake hauvaliwi na mtu. Kwa hiyo miavuli ya Sindano ilifungwa utepe mweupe, ikawekwa kwenye rafu ya peke yake, na ilipofika siku ya mazoezi ilifungwa kwenye viroba vya mchanga, vikatupwa kwanza ili kupima upepo. Msimu mzima, binti wa watu anakesha na kamba na vitambaa kwa ajili ya viroba!

Meza ya jirani alikuwepo koplo mmoja aliyeitwa Mbwembwe, fundi hodari kweli, ila ulimi wake haukujua kupumzika.

"Sindano, nimeongea na kiroba chako cha leo," anasema, huku anakaza kamba. "Kimeshuka salama, kinakusalimu. Kimeuliza kama una mchumba."

"Mwambie nangoja aache kunywa."

Banda zima linacheka, naye anacheka, kwa sababu mzaha mzuri ni mzuri tu. Lakini usiku kitandani roho inamuuma. Aliona mwavuli wake unafunguka vizuri kule juu, safi, duara, na chini yake umening'inia mchanga.

Akaandika ombi la kwenda chuoni. Kanali, mkuu wa kambi, akamwita ofisini. Alikuwa mtu mpole, wa aina ile ya wapole wanaokataa huku wakitabasamu. Akasema, "Binti yangu, hatuna buti za kurukia za saizi yako." Sindano akapiga saluti, akatoka, akaenda kwa fundi viatu wa kambi, akamsumbua mpaka fundi akamkatia buti ndogo kutokana na kubwa mbili zilizochakaa. Akarudi nazo mguuni. Kanali akazitazama buti, akasema, "Sawa, lakini utalala wapi? Chuoni hakuna bweni la wanawake." Chuo chenyewe kilikuwa ng'ambo ya uzio wa kambi ile ile! Sindano akasema atalala kitandani kwake kama siku zote na kila alfajiri atavuka uzio. Kanali akakuna kidevu. Akafikiri. Akasema, na hapo alionekana kabisa kufurahi kwamba amelipata, "Na choo? Kule choo ni kimoja, cha wanaume, tena hakina hata mlango."

Wewe ungefanya nini? Wengine wangelia. Wengine wangeandika barua ya malalamiko kwa wakubwa wa juu. Sindano akaenda kuazima sururu.

Kila jioni, kazi ikiisha, alivuka uzio na kuchimba. Ardhi ya pale ilikuwa ngumu, kokoto tupu, sururu inaruka na kumrudishia mikononi. Viganja vikatoka malengelenge, malengelenge yakapasuka, akayafunga kwa vipande vya kitambaa cha mwavuli mkuukuu na kuendelea, kwa sababu mchana vidole vile vile vilitakiwa viwe laini juu ya meza. Mbwembwe alikuja kutazama. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akala karanga, akatoa ushauri ambao hakuombwa.

"Upande wa kushoto unapinda, fundi."

"Shuka ukanyooshe."

"Mimi? Mimi nimekuja kama mgeni rasmi."

Shimo likafika urefu wake na zaidi. Akaokota mabati kwenye chuma chakavu, akapigilia kuta, akatengeneza mlango wenye komeo la ndani, na juu ya mlango akaandika kwa rangi nyekundu ileile ya banda: WANAWAKE. Kisha akaenda kumwita Kanali. Ndiyo, alimwita Kanali mzima aje kukagua choo, naye akaja, na fimbo yake chini ya kwapa. Akafungua mlango. Akafunga. Akajaribu komeo.

"Wanawake wangapi?" akauliza.

"Kwa sasa mmoja, afande."

Tabasamu lilikuwa limemtoka, na bila lile tabasamu alionekana mtu mwingine, mtu wa kweli zaidi. "Sikiliza," akasema. "Utakwenda chuoni. Siku ya ruko la mwisho utavaa mwavuli uliokunja mwenyewe, kama sheria ya banda inavyotaka. Ukiruka, meza ni yako, na miavuli yako itavaliwa na watu. Lakini msimu huu ukiisha hujaruka, unarudi bohari ya sare, na sitaki kuliona ombi jingine. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, afande." Alipobaki peke yake aliingia ndani ya choo chake, akafunga komeo, akalia kwa furaha. Alikuwa mtu wa kwanza kukitumia, ingawa si kwa kazi iliyokusudiwa.

Chuo hakikumbembeleza mtu. Waliruka kutoka juu ya ukuta, wakaanguka kwa ubavu, wakainuka, wakaruka tena. Aliyefunga magoti vibaya alirudia mpaka miguu ikawa si yake. Sindano hakuwa na nguvu kama wenzake na hakujidanganya juu ya hilo. Alichokuwa nacho ni kichwa kigumu. Wiki moja kabla ya kuanza kupanda ndege, alidondoka vibaya kwenye mnara wa mazoezi, kifundo cha mguu kikavimba kama andazi. Daktari wa kambi akampa mapumziko ya siku chache, na akasema uvimbe usiposhuka, basi tena, msimu umekwisha.

Akaenda nyumbani anachechemea. Mama alikuwa kwenye cherehani. Alimwona tangu mlangoni, akaona na mguu, akaendelea kukanyaga pedali mpaka mwisho wa mshono. Kisha akainuka, akachemsha maji, akatia chumvi, akapiga magoti mbele ya mwanawe na kuanza kuukanda ule mguu bila huruma yoyote.

"Mama, unaniumiza!"

"Ndege itakuumiza zaidi. Tulia."

Akakanda. Sindano akangoja aambiwe aache. Alikuwa amelitega sikio kabisa, na ukweli ni kwamba nusu ya moyo wake ilitaka kuambiwa.

"Unangoja nikwambie uache," mama akasema. Yule mama alikuwa anasoma watu kama anavyosoma vipimo. "Sikwambii. Nilikwambia usiende, ukaenda. Ukaniaibisha mtaa mzima. Sasa leo urudi hapa kwa ajili ya kifundo, niwaambie nini wateja wangu? Umeshafika huko, kamalizie."

Akakata kipande cha turubai, akamshonea mkanda wa kufunga kifundo, wenye vishikizo pembeni, akamvalisha mwenyewe na kukaza mpaka Sindano akatoa jicho. Uvimbe ukashuka. Daktari akamtazama, akaguna, akamruhusu.

Akaanza kuruka. Maruko ya mwanzo unavaa mwavuli unaopewa, kwa hiyo alivaa iliyokunjwa na wanaume wa banda, mmoja wao wa Mbwembwe. Mara ya kwanza mlangoni miguu iligoma, ikabidi mkufunzi amsukume, na chini alitapika nyuma ya kichaka. Mara ya pili alijitupa mwenyewe. Baada ya hapo akawa anaogopa kama wengine wanavyoogopa, yaani sana, lakini kwa adabu.

Ikabaki moja, ruko la mwisho, la mwavuli wake mwenyewe. Ndege ilikuwa ya kuazima kutoka kikosi kingine, siku hiyo moja tu, na baada yake msimu unafungwa. Asipopanda ndege ile, ni bohari.

Hapa lazima nieleze kitu kuhusu mkoba wa zana, maana bila hicho hutaelewa kilichotokea. Kila mkunjaji ana mkoba wake wa turubai unaokunjwa kama mkeka, wenye vijifuko: mkasi, rula ya chuma, uzi, na kulabu ndefu nyembamba ya kuvutia kamba zipite kwenye vitanzi. Kazi ikiisha, unaweka kila zana mahali pake, unatazama kwa macho yako kwamba hakuna kijifuko kitupu, ndipo unafunga. Unafunga mwenyewe. Hata ukiitwa na nani, mkoba wako hafungi mtu mwingine. Sababu ni nyepesi: zana iliyokosekana inaweza kuwa ndani ya mwavuli. Na ikikosekana, hakuna cha mjadala, miavuli yote ya siku hiyo inafunguliwa.

Alfajiri ya siku ile banda lilikuwa na pilikapilika. Walimalizia miavuli ya mwisho, na kwa mara ya kwanza ya Sindano ilipakiwa lori moja na ya wengine, maana Mzee Kamba alishaamua kwamba jioni utepe mweupe utatolewa. Ghafla daktari akaagiza Sindano aende mara moja kupimwa kifundo kwa mara ya mwisho. Zana zake zilikuwa bado mezani.

"Nenda, nitakufungia," Mbwembwe akasema. "Daktari akikasirika huruki."

Akaenda. Sindano mwenyewe nasema, mtu aliyechimba choo kwa sururu kwa ajili ya siku hii, alimwacha mwenzake afunge mkoba wake! Furaha inapumbaza watu.

Uwanjani askari walijipanga kwenye majani, miavuli mgongoni, ndege inanguruma pembeni. Kanali yupo na fimbo yake. Mzee Kamba aliwageukia wakunjaji wake wawili aliokuwa amewachagua waruke leo. Kutoka rundo la Sindano akachomoa mmoja, akauweka miguuni pake. Kutoka rundo la Mbwembwe akachomoa mwingine. "Vaeni."

Sindano alikuwa ameshaingiza mkono mmoja kwenye mkanda, askari mmoja akamwomba amkatie uzi uliotokeza begani. Akafungua mkoba wake atoe mkasi. Mkasi upo. Rula ipo. Kijifuko cha kulabu kilikuwa kitupu.

Akakipapasa kile kijifuko kana kwamba kulabu yenye urefu wa mkono ingeweza kujificha. Akamsogelea Mbwembwe.

"Kulabu yangu iko wapi?"

Mbwembwe akafikiri. "Yangu ilipinda, nikaichukua yako nimalizie wa mwisho. Nikarudisha. Nadhani nilirudisha." Kisha akaiona sura yake, akashusha sauti. "Sindano, nisikilize. Itakuwa imeanguka bandani chini ya meza. Ukifungua mdomo watafungua yote, na ndege ile hairudi. Unaijua bohari ya sare? Nyamaza. Ruka. Tukirudi tutaitafuta."

Na alisema kwa wema, huyu bwana. Alimtakia mema kabisa.

Sindano akaitazama ndege. Nataka ujue kwamba hakuwa malaika, aliitazama kwa kweli, akawaza choo, akawaza mama yake amepiga magoti na beseni, akawaza vile viroba. Mlango wa ndege ulikuwa wazi na ngazi imeshushwa. Angeweza kupanda. Kisha akatazama migongo ya wale askari wamejipanga, kila mmoja ana mwavuli mgongoni, na hakuna hata mmoja aliyegeuka kuuliza chochote, maana hawaulizi, wanaamini. Akauma meno. Akavua mwavuli wake, akatembea mpaka kwa Mzee Kamba.

"Afande, kulabu yangu haipo."

Mzee Kamba akamtazama. "Ulifunga mkoba mwenyewe?"

"Hapana, afande. Kosa langu."

Hakumuuliza ni nani basi aliyefunga. Aliinua ngumi juu, na jeshi lote likasimama. "Vueni! Miavuli yote chini! Hakuna anayepanda!"

Kanali akaja mbiombio. "Kuna nini?"

"Zana imepotea, afande. Tunafungua yote."

"Yote? Na ndege?"

"Yote, afande. Ndege isubiri au iende."

Wakafungua. Uwanja mzima ukawa mweupe kwa vitambaa. Rubani akashuka, akasimama mikono kiunoni, akitazama jua kila mara. Askari waliotoka usiku kwa ajili ya zoezi wakakaa chini wakilalama, na mmoja akasema kwa sauti ya kusikika, "Si ndiyo hao wanawake wenu." Sindano alisikia. Alikuwa amepiga magoti anafungua wa kwake, ule aliokuwa auvae. Haukuwa na kitu. Akafungua mwingine, na mwingine. Hamna. Alikuwa anafungua miavuli mizuri aliyoikunja kwa mikono yake, na kila uliofunguka ulikuwa unamrudisha bohari, naye aliendelea.

"Simameni," ikatoka sauti nyuma yao.

Alikuwa Mbwembwe. Alikuwa amefungua ule aliowekewa miguuni. Kulabu ilikuwa mle ndani, imelala katikati ya kamba, na ncha yake imeng'ang'ania kamba kadhaa kwa pamoja, imezikaba. Kitambaa kisingefunguka. Mwavuli wa akiba upo kifuani, ndiyo, lakini ukitoka kwenye ndege inayoruka chini chini, muda wa kuukumbuka ni mdogo kuliko watu wanavyodhani. Mbwembwe alikaa chini kwenye majani, akaiweka ile kulabu pajani. Hakuwa na mzaha wowote.

"Wa nani huo?" Kanali akauliza.

"Wangu, afande. Kulabu niliichukua mimi. Mkoba wake niliufunga mimi. Na nilimwambia anyamaze."

Yule askari aliyesema 'hao wanawake wenu' alikuwa anachunguza kamba za viatu vyake.

Kanali akasema zoezi limefutwa. Rubani akasema kwamba kabla ya kuondoka anaweza kuzunguka mara mbili, si zaidi, na kwa watu wawili watatu, basi. Kanali akaitikia kwa kichwa. Mzee Kamba akatandika turubai kwenye majani, akalivuta pembe zote nne likanyooka.

"Sindano. Kunja."

Akakunja, mbele ya kikosi kizima kimekaa kinatazama. Akanyoosha kitambaa, pande kwa pande, akatoa hewa kwa kiganja, akapanga kamba, akavuta kila moja kwenye kitanzi chake kwa kulabu ileile. Kila hatua Mzee Kamba aliinama akakagua kabla hajamruhusu kuendelea. Alipomaliza aliweka kulabu kwenye kijifuko, akatazama zana zote, akafunga mkoba mwenyewe.

"Na mimi anikunjie," Mbwembwe akasema.

Mzee Kamba akageuka. "Zamu yako iliisha pale kulabu ilipoonekana."

"Haikuisha, afande. Kama sitaruka leo, sitaruka tena. Najijua. Na siwezi kukunja na mikono hii." Akainyoosha. Ilikuwa inatetemeka kama ya mlevi. "Naomba anikunjie yeye."

"Wa kwake hauvaliwi na mtu mpaka aruke."

"Basi aruke kwanza. Ndege izunguke, mimi nifuate."

Mzee Kamba alitafuta kosa katika maneno hayo kwa muda, maana alikuwa mtu wa sheria, na hakuliona. Akatikisa kichwa kuelekea turubai. Sindano akakunja wa pili.

Ruko lake mwenyewe sitalieleza sana, kwa sababu hata yeye halielezi. Alifika mlangoni, akajitupa, ukafunguka. Alipiga yowe la furaha ambalo watu wa chini walilisikia, kifundo kikashika, akatua kwa ubavu kama alivyofundishwa. Meza ilikuwa yake. Alikuwa mwanamke wa kwanza wa jeshi lile kuruka, na wa kwanza kuruka na mwavuli wake mwenyewe, na alikuwa bado hajainuka kwenye majani ndege ilipozunguka tena.

Hapo ndipo aliposhikwa na hofu.

Alimwona Mbwembwe mlangoni, mdogo, mweusi. Akamwona anatoka. Na Sindano, ambaye dakika chache kabla alijitupa mwenyewe bila kusita, alishika majani kwa mikono yote miwili. Kule juu hakukuwa na kiroba. Kulikuwa na mtu, mwenye mke anayemfahamu, mwenye kicheko anachokijua, na kati yake na ardhi hapakuwa na kitu kingine ila kazi ya vidole vyake. Nililinyoosha lile pande la mwisho? Kitanzi cha tatu nilikivuta? Alikivuta, anajua alikivuta, na bado hakuwa na uhakika wa chochote duniani. Siku hii aliitafuta kwa sururu, na sasa imefika alitamani mtu yeyote aje amshike mkono.

Ukafunguka. Mweupe, duara, safi.

Mbwembwe akatua mbali kidogo, akaja anaburuza kitambaa, akasimama mbele yake.

"Nimeshuka," akasema.

"Nimekuona."

Sindano alikunja miavuli mpaka akastaafu, na miaka ya mwisho banda lilikuwa lake, yeye ndiye aliyetembea katikati mikono nyuma. Wasichana wengi walipita mikononi mwake, na kila mmoja wao, siku mwavuli wake wa kwanza ulipovaliwa na mtu mwingine, alitolewa bandani na kupelekwa uwanjani kusimama chini ya ndege. Wengi walitaka kugeuza uso. Sindano alikuwa hawaruhusu.

"Mtazame mpaka atue," aliwaambia, na muda wote huo alikuwa amewashika mkono.